Ndoo Kwenye Msumari wa Juu

Watu wa mtaa wetu walimwita Breki, na mgeni akilisikia jina hilo alidhani mwenyewe ni dereva wa lori. Gari alilokuwa akiliendesha halikuwa na breki hata moja. Lilikuwa gari la mbao la kiwanda cha mikate, lenye magurudumu manne na turubai la kijani, likivutwa na farasi mmoja. Kwenye mteremko wa hospitali alilizuia kwa kisigino chake mwenyewe, akikiburuza barabarani huku ameng'ang'ania hatamu. Kila miezi mitatu kiatu chake cha kulia kilikwenda kwa fundi. Cha kushoto kilikaa miaka.

Mimi nilikuwa mhunzi wa kiwanda hicho. Nilifua viatu vya farasi kwa miaka thelathini na mmoja. Siku hizi nafua vyuma vya madirisha ya watu wanaoogopa majirani zao. Zizi letu lilikuwa na farasi ishirini na wawili. Sasa ni ghala la viti vya plastiki vya kukodisha, na ukiingia husikii hata harufu ya kilichokuwepo. Vijana wakinikuta nimesimama mlangoni pale huniuliza, "Mzee, unataka viti vingapi?"

Farasi wa Breki aliitwa Karani. Alikuwa wa kahawia, na doa jeupe puani kama mtu aliyechungulia ndani ya gunia la unga. Jina alilipata kwa sababu alijua wateja wote, mlango kwa mlango, na hakuna aliyemwonyesha mara mbili. Alisimama kwa fundi saa, akasimama kwenye geti la hospitali, akasimama kwa mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya mlango wa bluu. Mwalimu alipofariki, Karani aliendelea kusimama mlangoni pake kwa mwezi mzima. Ukimsukuma haendi. Alisubiri muda uleule wa kutoa mikate miwili na kusalimiana, kisha akaondoka mwenyewe. Breki alishuka kila siku, akavua kofia, akasimama naye. Leo mkate unaletwa na kigari kinachopiga honi na kuondoka, na mteja akifa dereva wa kigari ataambiwa kwa simu.

Mke wa Breki, alipokuwa hai, alimwita Karani mke mwenzangu. "Mke mwenzangu amekula?" alimuuliza mumewe akirudi. "Kala." "Basi na mimi wa pili nipakuliwe." Na Karani alikuwa dume, tena aliyehasiwa.

Zizini waliniita Profesa, nusu kwa heshima na nusu kwa dhihaka. Shule niliiacha darasa la nne. Lakini nilikuwa na kitabu kinene cha utunzaji wa farasi, kisicho na jalada, nilichokiokota kwenye takataka za ofisi ya meneja. Nilikisoma na kamusi pembeni miaka miwili mpaka nikakimaliza, nikaanza tena. Farasi akichechemea, madereva hawakwenda kwa daktari. Walikuja kwangu.

Kulikuwa na sheria moja ambayo kitabu kiliisema, msimamizi wa zizi aliisema, na mimi niliifundisha kila dereva mpya. Farasi aliyetoka kazini na jasho asipewe maji mpaka manyoya yake yakauke kabisa, la sivyo tumbo litamsokota afe. Kila kibanda kilikuwa na msumari mrefu juu ukutani. Ndoo ilitundikwa hapo farasi anapoingia, na haikushushwa mpaka dereva apitishe kiganja chini ya shingo kitoke kikavu. Msimu wa joto hilo lilichukua saa mbili, wakati mwingine tatu. Farasi walikuwa wakiitazama ile ndoo. Madereva wengine walikwenda kunywa chai. Breki alikaa chini ya msumari, na yeye mwenyewe hakugusa maji mpaka Karani anywe kwanza. Tulimcheka, lakini hakuna aliyeifuata sheria kama yeye.

Kiwanda kiliponunua magari ya injini, madereva waliambiwa kila mmoja achukue farasi wake au amwache kwa mnunuzi wa ngozi. Kumi na wanane waliachwa. Breki alimkokota Karani mpaka kwa binti yake, fundi cherehani, mwenye nyumba ya vyumba viwili na ua wa saruji. Binti alitoka na sindano mdomoni.

"Baba, huyu atalala wapi?"

"Pale unapoanika nguo."

"Na nguo nitaanika wapi?"

"Juu yake. Ana joto zuri."

Binti alicheka kabla hajajua kwamba amekubali. Breki akaezeka kibanda cha mabati, na kitu cha kwanza alichopigilia ukutani kilikuwa msumari mrefu. Nilimfulia mimi.

Karani hakukubali kustaafu. Kila asubuhi alipiga geti kwa kwato mpaka atolewe, wakazunguka njia yao yote ya zamani bila gari na bila mkate. Wakarudi na jasho, ndoo ikapanda juu. Halafu mguu wa mbele wa kulia ukaanza kumuuma. Breki alinijia, nikampa jibu la kitabu: unga mweupe wa maumivu unaouzwa duka la dawa za mifugo, kijiko kimoja kwenye pumba kila asubuhi. Karani akatembea vizuri, na mimi nikatembea vizuri zaidi yake, kwa jinsi Breki alivyonisifu mtaa mzima. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza. Kijiko kikaendelea mwaka wa pili, na wa tatu.

Mwaka wa nne Karani alianza kukonda. Mbavu zilijitokeza, manyoya yakapoteza mng'aro, na kila ndoo iliposhushwa aliimaliza bila kupumua. Aliikojoa yote. Binti alikuwa akifagia maji uani asubuhi na jioni. Mimi nilimkagua nikasema ni uzee na meno. Binti hakuniamini, akamwita daktari wa mifugo bila kutuuliza.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa mjukuu wangu, amevaa buti za mpira zilizomzidi. Alitusalimu vizuri. Nilimwitikia huku nikitazama buti.

"Anakunywa ndoo ngapi kwa siku, baba?" alimuuliza Breki.

"Siku hizi saba. Nane."

"Na kukojoa?"

"Daktari, hilo niulize mimi," alisema binti. "Hapa uani bata wakipata habari watahamia."

Daktari alifungua mdomo wa Karani. Meno yalikuwa na ukoga mnene kama chokaa, na kwenye ufizi kulikuwa na vidonda. Alinusa pumzi yake kwa muda. Alichukua damu, akakinga mkojo kwenye kikombe, akaondoka. Siku ya nne alirudi na karatasi.

"Figo zake zimechoka. Ugonjwa wenyewe haukuanza jana. Unakuja polepole, na unapoonekana sehemu kubwa ya figo imekwisha kufa. Iliyokufa hairudi. Tunachoweza ni kuilinda iliyobaki."

"Ana muda gani?" Breki aliuliza.

"Wengine hupata miezi, wengine miaka. Inategemea kama kilichoziharibu bado kipo au kimeondoka."

Breki alitaka jambo moja tu tangu wakati ule, na alilisema wazi mbele yetu sote. Alisema Karani hakufa kwa mnunuzi wa ngozi, na hatakufa kwa uzembe. Akifa, afe kwa sababu umri wake umefika.

Daktari akampa masharti. Majani ya lusini yaachwe, maana yana madini mengi ya chokaa ambayo figo zile haziwezi tena kuyatoa. Breki alikunja uso. Lusini ndiyo ilikuwa zawadi yake kwa Karani kila mwisho wa wiki, akiikata mwenyewe kwa mundu. Apewe nyasi nzuri, na pumba yenye mafuta kidogo ya kupikia ili anenepe. Na maji yakae mbele yake saa zote.

"Hata akiwa na jasho?"

"Hata akiwa na jasho."

Breki alinitazama. Nilicheka kwa pua.

"Mwanangu," nilimwambia daktari, "tulikuwa na farasi ishirini na wawili. Usitufundishe maji."

"Siwafundishi, mzee. Wangapi walifika umri wa huyu?"

Nilikuwa nahesabu, na sikupenda nilichokipata. Wengi walikufa kazini wakiwa wamekonda, na sisi tukasema ni kazi.

Daktari aliandika, kisha akainua macho. "Swali la mwisho. Amewahi kupewa dawa ya maumivu kwa muda mrefu? Zile za unga?"

Breki aliitazama ndoo iliyokuwa juu ya msumari. "Hapana," alisema.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nilijiambia kwamba hakuniuliza mimi.

Tangu siku hiyo Breki alibadilika akawa mtumishi wa maji. Bomba la nyumbani lilikuwa dhaifu, kwa hiyo alichota kwenye bomba la barabarani, ndoo mbili kwa safari, akiwa na miaka sabini na tatu. Majirani walimtania kwamba ameanzisha kampuni ya maji na mteja wake ni mmoja. "Mmoja, lakini hanikopi," aliwajibu. Aliteremsha ndoo chini, akaongeza beseni, na akaacha kumpitisha njia nzima. Walifika kwa fundi saa tu na kurudi. Lakini kila asubuhi, kabla binti hajaamka, kijiko kilizama kwenye kopo na unga ukaingia kwenye pumba. Bila unga Karani hakuweza kukanyaga mguu wa mbele, na Breki hakuvumilia kumwona amesimama kwa miguu mitatu. Nilijua. Nilipita pale kila siku, na kopo lilikuwa dirishani.

Baada ya miezi mitatu daktari alipima tena damu. Safari hii alikuja bila buti, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaishika karatasi kama mtu asiyeiamini.

"Imezidi kuwa mbaya. Maji anapata, lusini mmeacha, ameongezeka hata uzito kidogo. Kuna kitu kinaendelea kumuumiza na mimi sikijui. Tusipokijua, baba, hatamaliza msimu wa mvua."

Breki alisema ahsante. Alimsindikiza mpaka getini, akarudi, akaanza kumpiga Karani brashi upande ambao alikwisha kuupiga.

Nilimfuata. "Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Breki, usinifanye mtoto. Unga."

Aliendelea na brashi. "Angeuliza nani alinipa."

"Si ungesema."

"Ningesema Profesa." Aligeuka. "Kiwanda kimekwenda, zizi limekwenda. Mkeo amekwenda, wangu amekwenda. Watu hapa wakikuona bado wanasema yule mzee anajua farasi. Umebakiwa na nini kingine, kaka? Nikunyang'anye na hicho?"

Nimeitwa majina mengi, mengine na meneja mbele ya watu, lakini hakuna neno lililowahi kunichoma kama wema ule. Nilimwambia aache upuuzi. Nikaenda nyumbani, nikakishusha kile kitabu, nikatafuta ukurasa wa unga mweupe. Ulikuwepo. Kulikuwa na mistari minne kuhusu kipimo, na chini yake ukurasa umechanika. Niliusoma mara ngapi ukurasa ule, na sikuwahi kujiuliza kipande kilichochanika kilisema nini.

Asubuhi nilikwenda ofisi ya mifugo. Ni chumba chenye mabango ya kuku na mizani ya mbuzi. Nilikaa kwenye benchi kati ya mama mwenye jogoo na mzee mwenye mbwa aliyefungwa kitambaa sikioni. Zamu yangu ilipofika daktari aliniuliza nimeleta mnyama gani.

"Mimi mwenyewe," nilisema, na hakucheka.

Nilimweleza yote. Nilidhani atapandisha sauti, nikawa nimejiandaa kwa majibu. Aliuliza tu, "Kijiko cha chai, au cha kupakulia?"

"Cha kupakulia."

Aliandika hesabu pembeni ya karatasi, akaitazama, akaiandika tena. "Hicho ni mara mbili ya kipimo. Na hata kipimo chenyewe ni cha siku chache. Dawa hii inapunguza damu inayofika kwenye figo. Farasi mwenye maji mengi mwilini anaweza kuivumilia kwa muda. Mwenye kiu hawezi." Alinitazama. "Alikuwa akikaa na kiu muda gani, mzee?"

"Saa mbili. Tatu, msimu wa joto."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ilikuwa sheria."

Aliweka kalamu chini. Mbwa wa yule mzee alikuwa akilia nje. Mwishowe aliniuliza kama naweza kuushika ule mguu wa mbele nimwambie unauma wapi hasa, kwa sababu yeye, alisema, farasi aliowahi kuwagusa tangu amalize masomo hawafiki sita.

Breki alikasirika niliporudi na daktari. "Umenifanya mwongo mbele ya mtoto wa watu."

"Ulikuwa mwongo kabla sijafika."

"Baba," alisema binti kutoka kwenye cherehani, "kopo liko wapi?" Hakusubiri jibu. Alilitoa dirishani, akalimwaga chooni, akarudi kushona.

Siku zile za kwanza bila unga zilikuwa mbaya. Karani alisimama ameuinua mguu, akitetemeka begani, na Breki alikaa naye bila kusema na mimi. Nilishika kwato ile nikaibonyeza kwa koleo sehemu kwa sehemu mpaka nikapata mahali pa maumivu, nyuma, chini ya kisigino. Niliwasha tanuri. Nilifua kiatu kilichounganishwa ncha zake nyuma, kisigino nikakiinua kwa upana wa kidole, na kati ya chuma na kwato nikaweka ngozi ya mkanda wa zamani wa zizi. Kiatu cha namna hiyo sikukitoa kitabuni. Nilikiona kwa mhunzi aliyenifundisha, ambaye hakujua kusoma. Siku ya tano Karani aliuweka mguu chini. Ya tisa alilipiga geti.

Breki alikuja karakana, akaomba koleo bila kunisalimu. Alirudi nalo jioni pamoja na ule msumari mrefu, akauweka juu ya fuawe.

"Chuma chako," alisema.

"Nifulie nini?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye Profesa." Ndipo akaketi.

Damu ya mara ya tatu ilitoka nafuu kidogo, na ya nne haikuzidi kuwa mbaya. Karani alipata msimu wa mvua wote, na kiangazi, na mvua nyingine zikaanza. Miezi kumi na mmoja. Breki alichota maji kila siku ya miezi hiyo. Nilimwambia figo zile zingedumu miaka kama nisingekuwa na kitabu, akasema kama nisingekuwa na kitabu ningemwambia kitu kingine cha kijinga.

Halafu uvimbe ukatokea chini ya tumbo, laini, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Karani akaacha pumba. Akaacha nyasi. Vidonda vilirudi mdomoni, na siku ya tatu alilala chini akashindwa kuinuka mpaka tukamsaidia watu wanne. Daktari alikuja akamsikiliza muda mrefu, akamwambia Breki kwamba sasa umri wake umefika. Alilikumbuka neno lake.

Shimo lilichimbwa kwenye shamba nyuma ya kiwanda cha matofali, kwa sababu uani ni saruji. Ilikuwa saa nne asubuhi, na jua lilikuwa kali. Breki alimtoa mwenyewe. Karani alikwenda taratibu na kiatu changu kikigonga lami, na tulipofika kwenye nyumba ya mlango wa bluu alisimama. Nyumba ile ina wapangaji wengine sasa. Mama mmoja alichungulia dirishani akatuona tumejipanga barabarani, wazee wawili, fundi cherehani na daktari, hatusogei. Breki alivua kofia. Tulisubiri muda wa mikate miwili na salamu. Kisha Karani akaondoka mwenyewe.

Tulipofika shambani alikuwa ameloa jasho shingoni na kifuani, kama zamani alipopanda mteremko wa hospitali na gari limejaa. Binti alikuwa ameibeba ndoo. Breki aliipokea, akaiinua mpaka mdomoni mwa Karani, na Karani, aliyekataa kila kitu kwa siku tatu, akazamisha pua.

Nilipeleka kiganja chini ya shingo yake. Kilitoka kimelowa. Nilifungua mdomo, miaka thelathini na mmoja ikaja mpaka kwenye ulimi, nami nikaufunga.

Alikunywa polepole, akainua kichwa, maji yakamdondoka Breki mikononi, akarudi tena kunywa. Daktari alisimama pembeni na sindano yake na hakutuharakisha. Maji yaliyobaki kwenye ndoo Breki aliyanywa mwenyewe, yote, akafuta mdomo kwa mkono, akamwambia daktari, "Haya, mwanangu."